Usianze na "unaamini?": namna ya kuwauliza wazee wa pwani wanachokijua

Ukitaka kufahamu watu wa kijiji wanaionaje dunia yao, liko swali moja litakalokufungia mlango siku ya kwanza: "Babu, unaamini mizimu?" Nasomesha historia na Kiswahili katika skuli ya kijiji huku Kusini Unguja, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapeleka wanafunzi kwa wazee wao wakaandike elimu ya bahari, ya shamba na ya uganga. Kila kundi jipya hutaka kuanza na swali hilo, nami kila mara hulikata kabla hatujatoka darasani.

Mzee akiulizwa hivyo hujiona amesimamishwa mbele ya kadhi. Yeye ni Muislamu. Kwake kuamini ni kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika Wake, vitabu Vyake, mitume Wake, siku ya mwisho na kadari. Hawezi kuutia mzimu wa pangoni katika orodha hiyo, hata kama tangu utotoni hajapita pale bila kupunguza sauti. Basi atakujibu, "Hayo mambo ya zamani, mwanangu, siku hizi hamna," nawe utaandika kwamba hayo yamekwisha. Umepata jibu la kweli kwa swali ambalo hukukusudia kuliuliza.

Muulize hivi: "Babu, mtu akitaka kukata mti karibu na lile pango, anafanyaje?" Hapo atakaa vizuri. Atakuambia aombwe nani kwanza, kipelekwe nini, nani asome dua, siku gani hairuhusiwi, na yaliyompata aliyekata bila ya kuuliza. Atakuambia pia kwamba wapo waliokata na hawakupatwa na lolote. Swali la kwanza lilimtaka ajitetee. Hili la pili linamtaka aeleze jambo analolijua, na hakuna mzee asiyependa hivyo.

Kabla ya kwenda

Pitia kwa sheha, yule kiongozi wa serikali hapo kijijini, umwambie unakwenda kwa nani na kwa ajili gani. Anayetoka chuo kikuu awe na kibali chake cha utafiti mkononi. Nyumbani kwa mzee usifike kama karani wa sensa: piga hodi, toa salamu, mwamkie, muulizie mgonjwa wao ikiwa yupo, ukae pale unapoonyeshwa. Chukua sukari na majani ya chai. Pesa usizitangulize, maana aliyelipwa huona ana deni la kukufurahisha, na maneno yatarefuka ili yalingane na malipo.

Tizama mwezi kabla ya kupanga siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji huwa bamvua, na huku kwetu hupwa sana asubuhi, saa nne au saa tano hivi. Saa hizo wanawake wa mwani wako nje kwenye mashamba yao na hawarudi mpaka maji yawafukuze. Ukienda Jambiani au Paje asubuhi ya bamvua ukabisha majumbani, utakuta milango imefungwa na utadhani watu hawapendi wageni. Nenda siku za maji mafu, yasipopwa sana. Wavuvi wa vyombo vidogo utawapata kivulini wakishona nyavu kusi inapovuma kwa nguvu, Juni na Julai. Kwa kule kuchagua siku tu, mzee atajua kama umekuja kujifunza au kupita.

Anza na kazi

Imani hukaa ndani ya kazi, kwa hiyo ingia kupitia mlango wa kazi. Mfano ninaoupenda ni kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana. Karibu kila mzee wa pwani anaujua msemo huu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwanafunzi mvivu huuandika, akaweka nukta, akahesabu kwamba ameokota methali. Bado hajaokota kitu. Uliza: Unatizama upande gani? Saa ngapi? Kinapotea kwa muda gani? Kilipopotea mwaka jana ulikuwa unafanya nini shambani? Ukikiona tena, unafanya nini siku ile?

Kisha nenda ukatizame mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili kilimia kiko chini kabisa magharibi baada ya jua kutua, halafu kinamezwa na mwanga wa jua. Mwezi wa Mei karibu wote hukioni. Mwezi wa Juni kinarudi mashariki kabla ya alfajiri, masika yakiwa yamekwisha. Maana yake nusu ya pili ya msemo unaweza kuithibitisha kwa macho yako: kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Nusu ya kwanza muombe mzee akueleze yeye, na wala usimmalizie.

Vivyo hivyo kwa miongo. Mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima wa pwani yetu waliutumia kwa karne nyingi, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za ziada. Hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, kwa hiyo ukiuweka kando ya kalenda ya ukutani unasogea nyuma siku moja kila miaka minne. Mengi unaweza kuyasoma kwingine. Usiloweza kulisoma kwingine ni hili: katika kijiji hiki nani alikuwa akihesabu? Alihesabu kichwani, kwa mafundo ya kamba, au kwa alama za mkaa ukutani? Akikosea, nani alimsahihisha, na kwa kutizama nini? Alipofariki, hesabu ilihamia kwa nani? Maswali haya manne yanaweza kukupa mchana mzima, na yote ni ya mambo yaliyotendeka.

Nawasisitizia pia wanafunzi wasikimbilie ndevu nyeupe tu. Ukulima wa mwani ulianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wanawake ndio waliouinua, na elimu waliyoijenga tangu hapo ni kubwa kuliko wengi wanavyoikadiria. Mama wa mwani hujua maji yamepata joto kupita kiasi kwa kuyakanyaga. Hutambua mwani unaumwa pale ncha zinapogeuka nyeupe na matawi yakaanza kukatika mkononi. Ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri, imewafia sana katika maji ya kina kifupi, na wapo walioamua kuihamishia kwenye kina kirefu, jambo lililowalazimu kushughulika na vyombo na kuogelea, vitu ambavyo mama zao hawakufundishwa. Waulize walikaaje wakaamua. Nani alijaribu kwanza, nani alimcheka, nani akamfuata. Hapo utaiona elimu ikizaliwa, na aliyeizaa yuko hai akikutilia chai.

Pembeni ya kila neno, andika amelijuaje

Hii ndiyo kanuni ninayoisimamia kwa ukali. Daftari la mwanafunzi wangu lina mstari wa wima upande wa kushoto. Kulia anaandika maneno ya mzee. Kushoto, mbele ya kila kauli, anaandika herufi moja: O kwa aliloliona mwenyewe, F kwa alilofundishwa na mtu anayeweza kumtaja, S kwa alilosikia likisemwa, K kwa alilolisoma kitabuni, N kwa lililomjia ndotoni, maana waganga wengi husema wazi kwamba dawa fulani walioteshwa. Asipojua, anauliza: "Hilo babu ulilionaje?" au "Nani alikufundisha?" Swali hili halimuudhi mtu. Mafundi wenyewe huulizana hivyo kila siku.

Usizipange herufi hizo kwa cheo. Kazi yako si kuamua kwamba O ni elimu na N ni ndoto tupu, kwa sababu mganga aliyeoteshwa mti aliuendea mti huo, akauchemsha, akautizama unavyofanya kazi, na huenda miaka ishirini baadaye ndoto ile imefunikwa na O nyingi. Ziandike zote, kisha usiku ukae nazo. Jambo moja hujitokeza mara nyingi: kauli zenye uhakika mkubwa ni zile za S, na zenye tahadhari ni za O. "Wazee walisema samaki yule haliwi," bila kusita. Lakini juu ya mkondo alioupita maisha yake yote, nahodha atakuambia, "Nafikiri hugeuka mapema siku za maji mafu, ila sina hakika, nimeliona mara chache." Mtu anayesema hivyo anapima anachokijua kwa uangalifu kuliko vitabu vingi. Ukikiandika kijiji chake kama mahali pa ushirikina tu, umemdhulumu.

Maradhi: fuata safari, usiulize maoni

Miaka ya 1920 mwanaanthropolojia wa Kiingereza E. E. Evans-Pritchard alikaa na Wazande, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Aliandika jambo ambalo kila mwanafunzi wangu hulisikia wiki ya kwanza. Watu wanapumzika kivulini chini ya ghala la nafaka, ghala linawaangukia. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawakuhitaji kufundishwa habari za mchwa. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile hasa, juu ya watu wale hasa. Mchwa walijibu swali moja, uchawi ulijibu jingine, na mtu yule yule aliyashika majibu yote mawili bila ya kuchanganyikiwa.

Liweke hilo moyoni unapoingia kwenye habari za maradhi, maana hapa kukosea swali kunaweza kugharimu maisha. Watafiti wa afya waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta kina mama wanajua malaria inaletwa na mbu, na mtoto mwenye homa wanampeleka zahanati. Lakini degedege, yule mtoto anayekakamaa na kugeuza macho, hawakuihesabu kuwa ni malaria. Ilikuwa ugonjwa mbali, wa kimapepo, unaohusishwa na ndege, na wa kuanzia kwa mganga. Palikuwa pia na hofu kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kumbe malaria kali ni miongoni mwa sababu kubwa za degedege kwa watoto wadogo. Sasa fikiria mtu na fomu yake: "Malaria inasababishwa na nini?" Mama anajibu, "Mbu." Sahihi. Fomu inajaa alama nzuri, wizara inaridhika, na mtoto anapokakamaa usiku wa manane bado anapelekwa kwingine. Hakuna aliyemdanganya mwenye fomu. Aliuliza juu ya jina lisilohusika.

Kwa hiyo usiulize maoni juu ya ugonjwa, uliza safari ya ugonjwa uliokwisha kupita. Mtoto alianza vipi, na nani aliona kwanza? Nani alilitaja jina la ugonjwa, na mlikuwa mnauitaje kabla yake? Mlikwenda wapi kwanza? Nani aliamua, mama, baba au bibi? Nauli ilitoka kwa nani? Ilipofika lini mkasema huu si ule tuliodhani, na mkageuza njia? Katika safari hiyo utakuta zahanati, utakuta mizizi, utakuta mganga wa kitabu aliyeandika aya kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi, mtoto akanyweshwa kombe asubuhi na vidonge vya hospitali mchana. Usiandike kwamba familia "ilichanganya imani na sayansi". Andika mfuatano, na andika ni nini kiliwageuza kila walipogeuka. Muuguzi anayetaka kuokoa watoto atafaidika na mfuatano huo kuliko na sifa yoyote utakayowapa wazazi.

Na ukikuta mtoto anaumwa saa ile uliyofika, funga daftari umsaidie mama kufika hospitali. Mahojiano yatasubiri.

Mtafute anayebisha

Mwenye kijiji chake hapendi kumwonyesha mgeni ugomvi wa ndani, kwa hiyo utaambiwa "sisi huku tunasema" kana kwamba wote wana mdomo mmoja. Chukua Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa Nairuzi, hapa Makunduchi, kila Julai. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na mgeni halali njaa. Mzee mmoja atakuambia kupigana kule kunamaliza vinyongo vya mwaka mzima. Mwingine atasema ni kinga ya mji. Sheikh wa karibu atakuambia si katika dini. Kijana atasema ni sikukuu na biashara, wageni wanakuja. Wote wameoga bahari moja asubuhi ile. Usitafute jibu la wastani kati yao. Kwa kila mmoja ongeza swali hili: "Nani hakubaliani nawe, na yeye anasemaje?" Nimevutiwa mno na uadilifu wa wazee hapa. Wengi humweleza mpinzani wao vizuri kuliko anavyojieleza mwenyewe.

Wapemba wana kisa kizuri cha Misali, kile kisiwa cha magharibi ya Pemba. Wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alifika akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe, kinachoelekea kibla, ndicho msala wake. Mwaka 1998 Misali ikawekwa chini ya hifadhi, na baadaye masheikh wakaungana na wahifadhi kufundisha kwamba kuharibu bahari, na hasa kuvua kwa baruti, ni kuharibu amana ya Mungu. Wapo wavuvi ambao sheria haikuwagusa, na mafundisho hayo yakawagusa. Ukienda huko, usiridhike na kuandika "dini ilisaidia". Muulize mvuvi kilichomsogeza ni aya, ni kisa cha msala, ni doria, au ni kwamba aliyemwambia alikuwa mtu anayemjua na kumheshimu. Kila jibu linaelekeza mahali tofauti kwa anayetaka kuhifadhi bahari.

Yasiyoandikwa

Jina la anayetuhumiwa uchawi haliingii daftarini, hata kwa herufi ya kwanza, hata kama kijiji kizima kinalijua. Kule Kilifi, ng'ambo ya Kenya, wazee wameuawa kwa kutajwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma mna ugomvi wa ardhi. Ukisikia tuhuma, uliza tu kwa jumla: tuhuma kama hizi huanzaje, na hupoaje? Hapo ndipo penye elimu.

Kwa hofu kubwa zilizowapata watu, kama ile ya popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ya mwaka 1995 iliyoanzia Pemba ikavuka hadi Unguja, nenda polepole na usicheke. Magazeti ya nje yalicheka. Watu walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, moto ukiwaka, na Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa ndiye. Uliza mlilala wapi, na nani alikesha, na lini mlirudi ndani. Aliyodai mtu kufanyiwa usimchimbe. Akitaka kusema atasema.

Maneno ya uganga na mafundisho ya kungwi yana wenyewe. Mzee akisema "hili si la daftari," weka kalamu chini aione, na uzime simu mbele yake. Nimeona wazee wakijaribu mwanafunzi kwa namna hiyo: wanasema jambo dogo, wanaangalia mkono wake.

Rudi na ulichoandika

Andika maneno ya mzee kwa lugha yake. Akisema kwa Kimakunduchi, kiache Kimakunduchi, na Kiswahili cha skuli ukiweke chini yake. Kisha rudi umsomee, kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani kwake. Atasahihisha, na mkewe atamsahihisha yeye, na jirani aliyekuja kwa jambo jingine ataingilia. Usifute kauli ya kwanza. Andika masahihisho kando, na tarehe, na nani kasahihisha, kwa sababu mabadiliko hayo ni sehemu ya ulichokuja kutafuta.

Ukishamaliza, toa nakala tatu. Moja ibaki skuli. Moja iwe yako. Ya tatu ichapishwe kwa herufi kubwa, maana macho ya wazee yamechoka, ukampelekee mwenyewe mkononi, na uache kurasa chache tupu mwishoni ili mjukuu aendelee pale ulipoishia.